Nyasi zimenipita kimo, mama mkwe ana pumu: nianzie wapi kabla moto haujafika?

Swali: «Tunaishi kijijini nje ya Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Kwetu kuna nyumba moja ya matofali na mabati, na mbili za nyasi: jiko, na anakolala mama mkwe, ambaye ana pumu. Nyuma tuna ekari mbili za paini za miaka minne. Upande wa mashariki ni malisho ya watu, nyasi zimenipita kimo. Januari iliyopita moto ulipita mita kama mia mbili kutoka kwetu. Mume wangu anafanya kazi Kampala, kwa hiyo tupo mimi, mama, watoto watatu na kijana wa kuchunga mwenye miaka kumi na mitano. Jirani mmoja ananiambia nichome nyasi zote mapema. Mwingine anasema nijaze mapipa maji nimwagie paa moto ukija. Shemeji anasema nipande mikaratusi mpakani itazuia. Nani yuko sahihi? Na moto ukija kweli, nifanye nini?»

Jibu:

Dada yangu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kazi ya kufanya sasa, kazi ya siku yenyewe, na kifua cha mama. Nitayachukua kwa mpangilio huo, lakini jibu fupi ni hili: siku nne tano za jembe, fyekeo na reki mvua zinapokatika Novemba zitakulinda kuliko mapipa kumi ya maji mwezi wa Januari. Katika hao washauri watatu, wa kuchoma mapema ndiye anayekaribia ukweli, ila neno «zote» linaharibu, na amesahau kibali. Wa mapipa amekosea matumizi ya maji. Shemeji amekosea kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewe moto wenyewe. Moto wa nyasi hauna subira. Hupita sehemu moja kwa dakika chache tu kisha unasonga. Nyasi za mita mbili zikiwa kavu na upepo upo, ndimi zake hufika mita nne au zaidi, na joto lake linakuchoma kabla mwali haujakugusa. Lakini nyumba nyingi haziungui kwa kukumbatiwa na moto wa aina hiyo. Zinaungua kwa cheche: vipande vya nyasi, magome na samadi kavu vinavyobebwa na upepo hata mita mia kadhaa mbele ya moto, vikatua pahali pakavu penye upenyo. Kwa hiyo umbali wa mita mia mbili Januari ile haukuwa usalama. Ulisalimika kwa sababu cheche hazikutua pabaya, au upepo uliziepusha.

Nyasi zilizokufa hazina maji yao wenyewe. Zinapokea unyevu wa hewa na kuupoteza ndani ya saa moja hivi. Ndiyo maana nyasi zilezile zinazokataa kuwaka alfajiri zikiwa na umande, saa nane mchana zinalipuka kwa njiti moja. Saa za hatari ni kuanzia saa saba hadi saa kumi jioni. Desemba hadi Februari upepo wa kaskazini mwa Uganda huvuma mara nyingi kutoka kaskazini-mashariki na mashariki, yaani kutoka kwenye malisho hayo kuja kwako. Ukiwa na nguvu kidogo tu ya kufanya kazi, itumie upande huo. Na kama uwanja wako uko juu ya mteremko kuelekea malisho, ongeza bidii, kwa sababu moto unaopanda hukausha nyasi zilizo mbele yake na kwenda mbio zaidi. Kwenye mteremko wa nyuzi kumi mwendo wake karibu unaongezeka maradufu.

Sasa maji na paa. Paa la nyasi limeezekwa kwa makusudi ili maji yateleze. Ukimwaga jerikani tano juu, karibu zote zinaishia chini kwenye michirizi, na kinacholowa ni ngozi ya juu ambayo kwa jua la Januari inakauka upesi. Cheche haihangaiki na ngozi hiyo. Inaingia chini ya ukingo wa paa, kwenye ncha zilizochongoka na kwenye ule mwanya kati ya ukuta na paa, mahali ambapo maji yako hayakufika. Mbaya zaidi, anayemwaga yuko juu ya ngazi, macho yamejaa moshi, na chini yake ni nyasi. Maji yaweke, tena mengi, pipa la lita 200 likiwezekana na jerikani kadhaa zilizojaa, lakini kazi yake ni kuzima vicheche vilivyotua, kikombe kwa kikombe, au kwa pampu ya mgongoni ya lita 16 ya kupulizia dawa. Pampu ioshwe mara tatu kama iliwahi kubeba dawa ya magugu, na kijiko cha sabuni ya unga ndani ya maji kitasaidia maji yaingie kwenye nyasi badala ya kuteleza.

Mikaratusi ina mafuta kwenye majani, na magome yake yanabanduka vipande virefu ambavyo upepo unavipenda. Ukiipanda mpakani umepanda kiwanda cha cheche upande ule ule upepo unakotokea. Mgomba ni afadhali mara nyingi, maana shina lake limejaa maji, mradi ukate majani makavu yanayoning'inia. Ukiyaacha, nayo yanapanda moto kama ngazi.

Kazi ya uwanjani ianze ukutani na kutoka nje, si kinyume chake. Kuzunguka kila nyumba, mita mbili ziwe udongo mtupu: hakuna nyasi, kuni, mabua ya mahindi wala fenicha ya mwanzi. Rundo la kuni linaloegemea ukuta wa jiko ndilo ninaloliogopa zaidi katika vijiji vyetu, na karibu kila nyumba inalo. Lihamishe mita kumi na tano, upande wa magharibi. Kisha punguza ncha za paa zilizolegea, zikatwe sawasawa, na mwanya kati ya ukuta na paa uzibwe kwa udongo uliokandwa na samadi. Kwa nyumba ya mabati ziba matundu ya mawimbi ya bati juu ya ukuta kwa udongo huohuo, na uzoe majani makavu yaliyokusanyika juu ya bati. Cheche moja ikiingia darini, nyumba ya matofali inaungua kutoka ndani.

Kutoka mita mbili hadi mita kumi, nyasi zisizidi kimo cha kiganja. Upande wa mashariki endelea hadi mita thelathini kama nguvu ipo, huko nyasi ziwe chini ya goti. Na hapa ndipo watu wengi hupoteza jasho lao: wanafyeka, wanaacha nyasi zimelala, wanarudi nyumbani wakijua wamemaliza. Nyasi zilizofyekwa zikaachwa ni kuni zilizotandikwa. Zikusanye kwa reki, zitumie kwenye zizi au ziwe mbolea, au zifunike shamba la mboga lililo mbali na nyumba. Uzio wa miti mikavu au matete unaounganisha malisho na nyumba uukate. Acha pengo la mita tatu kabla ya ukuta, la sivyo utakuwa utambi.

Nyuma ya hayo yote inakuja barabara ya moto, yaani ukanda uliolimwa usio na kitu cha kuwaka. Kwa nyasi za urefu huo nakushauri mita kumi. Fanya hesabu kabla ya kuahidi mume. Ekari mbili ni karibu mita 90 kwa 90. Ukizungushia mita kumi pande zote nne ndani ya eneo lako, umepoteza zaidi ya robo tatu ya ekari. Usifanye hivyo. Lima pande mbili, mashariki na kaskazini, ambazo ni mita za mraba 1,700, chini kidogo ya nusu ekari, na pande nyingine tosheka na mita tatu au nne. Tena zungumza na wenye malisho: mita tano kwako, tano kwao, kila mtu anaokoa. Ardhi hiyo pia isikae bure. Viazi vitamu vinafunika udongo na majani yake hubaki kijani ndani ya kiangazi kuliko mazao mengi. Karanga zikivunwa Novemba zinaacha udongo uliogeuzwa. Mahindi na ufuta hapana, maana mabua yanayobaki ndiyo yanayowaka.

Barabara hiyo haizuii cheche, nisikudanganye. Inazuia moto unaotambaa, na inawapa watu mahali pa kusimama na kufanya kazi. Ndiyo maana mita mbili za ukutani zinakuja kwanza.

Kuhusu kuchoma mapema. Uganda ina sheria ya kukataza kuchoma nyasi tangu 1974. Moto wa kudhibitiwa unahitaji ruhusa, kwa hiyo anza kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), yeye akupeleke gombolola (makao ya kaunti ndogo), na upate kibali kwa maandishi. Ukichoma bila kibali na moto ukatorokea shamba la jirani, huna pa kusimama. Kwa faida yake: nyasi zikichomwa mwishoni mwa Novemba, chini zikiwa bado na ubichi, moto ni mfupi, unaacha mabaka, na miti mikubwa haiumii. Nyasi hizohizo zikingoja Februari zinawaka hadi shinani. Lakini usichome malisho yote. Choma ukanda tu. Lima vijia viwili vya udongo mtupu, kila kimoja mita mbili, vikiwa mita nane au kumi kati yao, kisha nyasi za katikati ndizo zichomwe. Anza saa kumi na moja jioni, upepo ukiwa umetulia kiasi kwamba moshi unapanda karibu wima, na washa upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo. Ukiuwasha upande upepo unakotoka, umeuachia mbio. Wawepo watu wazima wasiopungua sita, pampu mbili zimejaa, na asiondoke mtu hadi moshi wa mwisho ukatike. Huna watu sita? Basi usichome, fyeka na ukusanye. Ni kazi zaidi lakini haitoroki.

Kuna mazungumzo mengine ambayo watu huyaruka. Kiangazi hakina radi za kuwasha nyasi. Moto wa Januari huwashwa na mtu: mchungaji anayetaka majani mapya, mwindaji wa ndezi, mchoma mkaa aliyeacha tanuri bila mlinzi, mkulima anayesafisha. Unawajua kwa majina. Mwombe mwenyekiti wa LC1 aitishe kikao kabla ya Desemba, mkubaliane kwamba anayetaka kuwasha aseme siku moja kabla. Wanaochoma kwa ajili ya kupe waambiwe ukweli pia: moto unapunguza kupe kwa muda, kisha ng'ombe walewale wanawarudisha.

Kwa paini, kata matawi ya chini hadi mita mbili kutoka ardhini, usizidi nusu ya urefu wa mti, ili moto wa chini usipate ngazi ya kupandia. Matawi hayo na sindano kavu ziondolewe kwenye mistari mitano ya kwanza upande wa mashariki. Kuzirundika ukingoni ni kosa la kawaida sana.

Vifaa: mafyekeo, majembe, reki mbili za chuma, na vipigio vinne. Kipigio kinatengenezwa kwa kipande cha mpira wa kinga tope ya lori, sentimita 30 kwa 45, kilichofungwa kwa boliti kwenye mti wa mita mbili. Hakipigwi kama unaua nyoka. Unakibandika juu ya mwali na kukiburuta kuelekea palipoungua, ili ukose hewa. Ukikiinua juu na kupiga kwa nguvu unarusha cheche nyuma yako. Nguo ziwe za pamba, mikono mirefu, viatu vilivyofungwa. Nailoni inayeyuka juu ya ngozi.

Siku yenyewe. Ukiona moshi mashariki baada ya saa sita mchana, mama na watoto wanaondoka wakati huo, si miali ikionekana. Chagueni leo mahali pawili pasipo na nyasi: uwanja wa shule, barabara pana ya murramu, soko. Pawe pawili kwa sababu njia moja inaweza kufungwa na moshi. Msikimbilie magharibi ndani ya nyasi, maana ndiko moto unakokwenda na unawashinda mbio; kateni kushoto au kulia, kaskazini au kusini. Eneo lililokwisha kuungua ni salama kuliko lolote lenye nyasi. Mbuzi na ng'ombe wafunguliwe, wasifungwe zizini. Hati za ardhi, vitambulisho na kadi za kliniki viwe kwenye mfuko mmoja unaobebwa. Sanduku la bati halizuii joto.

Moto ukiwakuta kabla hamjatoka, ingieni nyumba ya matofali, si ya nyasi hata kidogo. Fungeni milango na madirisha, blanketi lililoloweshwa chini ya mlango, kaeni chumba cha magharibi. Wimbi la moto litapita ndani ya dakika chache. Kisha mtu mzima atoke mara moja akague ukingo wa paa, kwani cheche inaanza ndogo na huu ndio wakati pampu yako ina kazi.

Kuhusu kupambana: kijana wa miaka kumi na mitano haendi kwenye moto. Kazi yake ni mifugo na kuwasindikiza watoto. Watu wazima waingie kama miali haizidi kifua, waanzie mkiani, yaani nyuma ya moto upepo unakotoka, wakanyage palipoungua, wasonge pembeni kuelekea kichwa, yaani mbele unakokwenda. Kusimama mbele ya kichwa cha moto ndiko kunakoua. Na kuna yule mjuaji wa kila kijiji anayewasha moto mwingine ili «ukutane» na ule. Bila mtu mwenye mafunzo na njia ya kutorokea, anawafungia watu katikati ya mioto miwili. Mkataze.

Piga 999 au 112. Zimamoto wetu wako chini ya polisi, na magari yao yako mijini, kwa hiyo usipange maisha ya familia kwa kuwasubiri, lakini piga mapema; wanaweza kuwaarifu wengine.

Kifua cha mama ni cha kupangwa kuanzia sasa. Kabla ya Desemba aende kituo cha afya akague inhela zake: ile ya kila siku ya kuzuia, na ile ya kutuliza ambayo mara nyingi ni ya bluu, iwe na dawa ya kutosha. Kanga iliyoloweshwa puani haichuji moshi mwembamba, ingawa inazuia majivu. Barakoa ya N95 iliyobana uso inachuja, akiweza kupumua nayo. Siku za moshi alale nyumba ya matofali, chumba kimoja kilichofungwa, na humo usiwashwe mkaa, kuni wala dawa ya mbu ya kuchoma. Kama hana kifaa cha kushikiza kwenye inhela, chupa ya soda ya nusu lita inafanya kazi: toboa kitako tundu la umbo la mdomo wa inhela, libane vizuri, mama avute kwenye shingo ya chupa, pafu moja, yaani mbonyezo mmoja wa inhela, kisha pumzi nne tano za taratibu, halafu jingine. Akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, ngozi kati ya mbavu ikizama, au pafu kadhaa zisimsaidie, ni hospitali ya Kiryandongo wakati huohuo, mkiendelea kumpa pafu za inhela ya kutuliza njiani, hadi kumi, moja moja. Msisubiri moshi upungue.

Mtu akiungua, maji safi yanayotiririka dakika ishirini, pete zitolewe, kisha kitambaa safi. Dawa ya meno, unga na mafuta visiguswe. Jeraha la uso, mkono au sehemu za siri, au linalozidi kiganja cha mgonjwa, liende kwa mganga wa hospitali. Sauti ikikwaruza au masizi yakionekana puani, huyo amevuta joto ndani. Aende hata kama ngozi haina alama, maana koo huvimba baadaye.

Moto ukipita, visiki, mizizi, samadi na marundo ya maranda huendelea kuungua chini kwa siku mbili au zaidi. Pitisha mgongo wa mkono juu ya majivu bila kugusa. Ukihisi joto, chimba, mwaga maji, changanya na udongo. Kagua jioni na alfajiri kwa siku tatu. Na paini zikiwa zimebadilika rangi usizikate kwa hasira. Kwangua gome kidogo kimo cha kifua, pande zote nne: chini yake pakiwa peupe na unyevu, mti uko hai, ngoja mvua za Aprili uone kama vikonyo vya juu vitachipua. Pakiwa pa kahawia kuzunguka mti mzima, umekufa, na paini kwa kawaida hauchipui tena kutoka kisikini. Hiyo ivunwe kwa ajili ya fito kabla wadudu hawajaingia, na kabla ya kuamua kupanda upya muite afisa misitu wa wilaya aje aone shamba kwa macho yake.